Viganja vya Waopolewa

Sogeeni kidogo, mwenzenu naye apate pa kukaa. Hadithi hii haipendi nyumba yenye nafasi.

Palikuwa na mama mmoja, jina lake Perisi, aliyerudi kwao katika Nchi ya Waopolewa baada ya kukaa ugenini mpaka mvi zikamkuta huko. Si kwamba ugenini kulimtesa. Alikula vizuri, aliheshimiwa, alimzika mume kwa heshima zote. Lakini kila msimu wa mavuno ulipofika, moyo wake ulikuwa unamwacha jikoni peke yake na kwenda zake nyumbani, kwenye Karamu. Mwaka huo aliamua na mwili uufuate moyo.

Ili msipotee, niwaambie kwanza nchi ile ilivyopata watu. Kila mkaaji wake, awe tajiri awe mbeba mizigo, aliwahi kuwa ndani ya Tope. Tope ni bonde, halina ukingo wala chini, na aliyezama humo haombi msaada kwa sababu mdomo umekwisha kujaa. Basi Mfalme wa nchi ile alimtuma Mwanawe. Mwana alishuka mwenyewe mpaka walikolala watu, akampapasa mtu gizani, akamfunga kamba kifuani, chini ya makwapa, kisha Mfalme akavuta kutoka juu. Alishuka tena, na tena, hata mara moja akabaki huko, akafa kifo cha Tope, na Mfalme akamtoa huko akiwa hai. Hiyo ndiyo habari yao yote. Kamba ilimwachia kila mmoja kovu, mstari unaozunguka mbavu na kupita chini ya makwapa.

Na Karamu, jamani, Karamu ya zamani! Perisi alikuwa akiikumbuka hata harufu. Mikeka ilitandikwa kuanzia mlango wa jumba la Mfalme hadi barabarani, ukikaa umekaa, hakuna cha mbele wala nyuma. Masufuria ya wali yalikuwa yanapita juu ya vichwa vya watu. Kisha yanaanza maneno. Kila mtu alikuwa anaeleza alivyotolewa, na shindano lilikuwa ni nani alitolewa kwa aibu zaidi. "Mimi nilitoka nimeuma mzizi, wakanibandua meno!" "Wewe afadhali, mimi nilipofungwa kamba nilimpiga Mwana teke!" Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na kicheko kilipofika kileleni, mtu mmoja aliinua mikono yote miwili juu, kovu likaonekana, na nyumba nzima ikainua yake, wakamwimbia Mfalme. Kadiri hadithi ya mtu ilivyokuwa ya kufedhehesha, ndivyo wimbo ulivyopaa. Perisi hakuwahi kupata kokote duniani aibu iliyokuwa tamu namna ile.

Sasa amefika mpakani. Askari akamwambia, "Viganja, mama."

"Viganja vya nini, mwanangu?"

"Tuone ulivyoishika kamba."

Perisi akanyoosha mikono. Alikuwa ametwanga kwa mchi maisha yake yote, viganja vyake ni magome. Askari akavigusa, akasimama wima, akaita wenzake waje waone. "Mikono Miwili! Daraja la Kwanza! Mama, wewe uliishika kamba kwelikweli."

"Hii ni sugu ya mchi," alisema Perisi.

"Na unyenyekevu juu!" askari akasema kwa mapenzi, akamfunga utepe mwekundu mkononi. "Kiti chako ni cha mbele kabisa."

Njiani mpaka mtaani kwao aliona mambo ambayo hakuyaelewa. Mapapai yalikuwa yanaozea mtini, na chini ya mti mtu na akili zake anayarushia mawe. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa usawa wa magoti, mashuka yanaburura vumbi. Hakuna mwanamke aliyebeba ndoo kichwani. Aliwapungia watu mkono kwa furaha, nao wakamjibu kwa kupunga usawa wa kitovu, wakatazama pembeni kama wamemwona ametoka bila nguo.

"Shoga, shusha huo mkono!" Sauti hiyo aliijua. Alikuwa Trufena, jirani yao wa tangu ujana, mwanamke ambaye habari ikizaliwa asubuhi kwake inaota meno kabla ya mchana. Alimvuta Perisi uani, akamkumbatia kwa chini chini, kiwiko hakipandi. "Umetoka wapi wewe? Hujui kuinua kiwiko juu ya bega ni kosa?"

"Kosa la nini, Trufena?"

"La kuonyesha kwapa. Kovu la kwapani ni la kutia aibu. Linasema ulifungwa kama mzigo. La kiganjani ndilo la heshima, linasema ulishika."

"Lakini sisi sote tulifungwa."

"Mimi najua, wewe unajua. Kaa nikuambie lilivyoanza." Trufena akavuta kigoda, na ungeona uso wake ulivyochangamka. "Unamkumbuka yule fundi viatu mpole? Mwaka mmoja kwenye Karamu alisema, 'Nafikiri nilipokuwa navutwa, vidole vyangu vilijikunja.' Basi tu. Watu wakasema lo, kumbe! Mwaka uliofuata mtu wa pili akasema yeye alikunja mkono mzima. Wa tatu akasema alipanda. Nani sasa angesimama aseme yeye alitolewa amelegea? Wakaweka wakaguzi. Wakaweka viti. Walioshika kwa mikono miwili mbele, wa mkono mmoja katikati. Wa Kidole wanakaa nyuma, lakini hao ndio wana majivuno kuliko wote."

"Kwa nini?"

"Wanasema wao wanampa Mfalme utukufu wote isipokuwa ukucha. Na huo ukucha, shoga, ukiugusa utapigwa."

Perisi alicheka, kisha akakumbuka nyumbani kwao. "Na dada yangu? Dorkasi yuko daraja gani?"

Trufena akanyamaza. Trufena kunyamaza ni habari mbaya.

Dorkasi alikuwa amelala chumba cha nyuma. Maradhi yalikuwa yamemla mpaka akabaki macho na sauti, na kila aliyemwona alijua hataona Karamu nyingine baada ya ile ya wiki hiyo. Lakini si hilo lililomshtua mdogo wake. Dorkasi alikuwa ameshika kipande cha kamba ya katani, anakivuta huku na huku ndani ya viganja vyake, na shuka lilikuwa na damu.

"Dada! Unafanya nini?"

"Perisi. Umekuja." Aliacha kuvuta kidogo, kisha akaendelea. "Mwaka jana walinirudisha langoni. Viganja vyangu laini, unaona? Kulala kitandani kunalainisha. Wakaniuliza nilishika kwa mkono gani, nikakosa la kusema. Sikumbuki kushika, Perisi. Nimekaa humu mwaka mzima najaribu kukumbuka. Nakumbuka giza. Nakumbuka kuchoka. Basi labda sikutolewa. Labda niliingia nchi hii kwa makosa tu, na siku nikifa nitajikuta niko kule kule chini."

Perisi alimnyang'anya ile kamba. "Una kovu mbavuni, dada."

"Wanasema hilo hata mkanda wa sketi unaweza kulileta." Machozi yakamtoka bila uso kubadilika. "Sitaki kiti cha mbele. Nataka kuketi karamuni kwake mara moja kabla sijafa, nijue mimi ni wake."

Hapo ndipo Perisi alipovaa viatu vyake tena, akaenda kwa Mkaguzi Mkuu wa Viganja.

Mkaguzi Mkuu aliitwa Mheshimiwa Obadia, na ofisi yake ilikuwa na picha kubwa ya mkono uliokunja ngumi. Yeye mwenyewe alikuwa na viganja vinavyosimuliwa, vyenye kovu nene la kujivunia kama ukoo wa fahari, na kanzu yake, kama za wakubwa wote, ilikuwa imeshonwa kwapani kwa mshono wa mara tatu. Alipomwona Perisi alitaka kusimama kwa furaha, kisha akakumbuka cheo.

"Perisi! Nimesikia una Mikono Miwili. Nikasema, huyo ni wa mtaani kwetu."

"Obadia, acha hayo. Siku uliyotolewa mimi nilikuwa nimekwisha kutolewa, nimekaa ukingoni najipangusa. Nilikuona. Ulikuja umelegea kama mlenda. Kichwa huku, miguu kule. Mtu mmoja alisema, 'Huyu wamechelewa,' na Mfalme akasema, 'Huyu ni wangu,' akakupulizia puani mpaka ukapiga chafya."

Obadia alitazama mlango kuhakikisha umefungwa vizuri. "Punguza sauti."

"Nitapunguza ukimruhusu dada yangu apite."

"Siwezi." Na hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeumwa jino. "Sikiliza, Perisi. Unafikiri mimi ni mpumbavu? Watu huja hapa, wanaketi hapo ulipoketi. Mama anauliza, mimi nimetolewa, kaka yangu simwoni, kwa nini? Nimwambie nini? Viganja vinajibu. Nasema, wewe ulishika, yeye hakushika. Anakwenda nyumbani, analala usingizi. Ukiondoa viganja, swali linabaki na Mfalme peke yake, na mimi sina ujasiri wa kulipeleka kule."

Swali hilo lilikuwa la Perisi pia. Alikuwa na kaka ambaye hakumwona kamwe ukingoni. Mwisho akasema, "Mimi jibu sina. Lakini yule aliyekuwa anashuka mle ndani nilimwona akipanda kwa mara ya mwisho, Obadia, na ulivyokuwa mwili wake. Swali langu afadhali likae kwake kuliko kwenye kiganja changu. Kiganja changu hakikumpenda kaka yangu kuliko alivyompenda yeye."

"Na uvivu? Watu wakijua walitolewa bure watafanya kazi?"

"Zamani walikuwa wanabeba masufuria kichwani, wakivuna mapapai na kuimba. Sasa mnayapiga mawe."

Obadia alikaribia kucheka, akajizuia, akasema, "Sheria inasema kila mtu ataje mchango wake langoni. Mlete. Nitamuuliza kwa upole. Akisema hata kidole, nitampitisha. Zaidi ya hapo siwezi."

Perisi alirudi nyumbani akamweleza dada yake. "Sema kidole tu, dada. Kimoja. Nani atajua?"

Alijisikia vibaya neno lilipokuwa bado mdomoni. Dorkasi alikuwa anatazama viganja vyake vilivyofungwa vitambaa kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Siku ya Karamu ilifika, na kama kuna kitu hawakuweza kukiharibu ni harufu ya wali. Perisi aliisikia kabla hajaliona jumba. Lakini mikeka haikuwapo. Barabara yote kulikuwa na viti vimepangwa kwa daraja, na mbele ya mlango wa Mfalme, ulioachwa wazi tangu nchi ianze, walikuwa wamejenga lango lao la miti. Wakaguzi walikuwa wanapaza sauti: "Mkono wa kulia, pita! Mikono miwili, pita mbele! Kidole, zunguka nyuma!" Kelele zile zilikuwa kubwa kiasi kwamba kama mtu alikuwa anasema lolote ndani ya jumba, hakuna wa nje aliyemsikia.

Dorkasi aliletwa juu ya kitanda cha kamba, Perisi na Trufena mbele, vijana wawili wa jirani nyuma. Watu waliona, wakanong'ona. "Si yule wa mwaka jana?" "Amerudi bila aibu." "Ngojeni, huenda safari hii amekumbuka."

Obadia alishuka kwenye kiti chake akaja mwenyewe. Aliinama karibu na kitanda, na sauti yake ikawa ile ya mtaani, ya kabla ya kanzu. "Dada Dorkasi. Nisaidie nikusaidie. Ulishika kwa mkono gani?"

"Sikushika, mdogo wangu."

"Labda ulijaribu. Kujaribu tunakubali."

"Sikujaribu."

"Basi ulitamani. Kuna wazee wanakubali kutamani." Jasho lilikuwa linamtoka. "Dada, sema chochote. Kila mtu alichangia kitu. Wewe ulichangia nini?"

Dorkasi alifumba macho. Perisi aliushika ukingo wa kitanda, akiomba ndani ya moyo kwamba aseme kidole, na papo hapo akiomba kwamba asiseme. Mgonjwa alikuwa anarudi chini kabisa, mahali ambapo mwaka mzima aliogopa kufika, anatafuta kitu chochote alichokuwa nacho siku ile. Kisha uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeona kitu chake alichopoteza.

"Uzito," alisema.

"Unasema?"

"Nilichangia uzito. Yeye alivuta, mimi nikawa mzito. Andika hivyo."

Mahali fulani nyuma, katika viti vya Kidole, bibi mmoja alitoa sauti ya pua. Alijaribu kuimeza ikamshinda. Mwenzake akaambukizwa. Trufena akapasuka, na Trufena akicheka hakuna aliye salama. "Hata mimi uzito!" alipiga kelele. "Na wakati ule nilikuwa mnene kuliko sasa!" Mpishi mmoja akatoka na mwiko mkononi akasema yeye alichangia uzito pamoja na mateke. Kicheko kikapita kiti hadi kiti, kikawafikia mpaka wa Mikono Miwili, na mzee mmoja wa Daraja la Kwanza, aliyeheshimika sana, alionekana akilia machozi huku anacheka, anajifuta kwa utepe wake mwekundu.

Wakaguzi wa chini walikusanyika haraka pembeni, vichwa pamoja. Mmoja alisema uzito si mchango. Mwingine akasema ni mchango, kwani bila uzito kamba ingeyumba. Wa tatu akapendekeza ianzishwe Daraja la Uzito, na yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu, alikuwa tayari kuliongoza. Kwa kuwa hao walikuwa ndio waliokuwa wakipaza sauti langoni, lango likawa kimya.

Na katika kimya hicho ndipo walipokisikia. Kutoka ndani, ng'ambo ya lango la miti, mtu alikuwa anacheka. Hakuwa anamcheka mtu. Kilikuwa kicheko kizito cha taratibu, kama cha baba aliyekaa siku nyingi akitazama njia, sasa anaona vumbi la mtu anayekuja. Wazee wote waliokuwa pale walisimama bila kuambiwa. Wengi wao hawakuwa wamekisikia tangu viti vilipoingia.

Dorkasi alimshika Perisi mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kuwa bado anayo.

"Perisi! Ndicho!"

"Ndicho nini, dada?"

"Nilipofumbua macho. Siku ile. Kabla sijaona mtu, kabla sijajua niko wapi, tope bado limejaa masikioni. Kitu cha kwanza nilichosikia." Alikuwa analia sasa kwa uso wote. "Mtu alikuwa anacheka hivyo juu yangu. Alikuwa anafurahi, Perisi. Nimetafuta mwaka mzima mikononi mwangu, kumbe kilikuwa kwake."

Obadia alikuwa bado amepiga magoti kando ya kitanda. Alitazama wakaguzi wake wanaobishana, akautazama mlango. Kisha aliipenyeza mikono yake yenye sifa chini ya yule mgonjwa, ili amnyanyue. Kanzu haikumruhusu, ilimbana kwapani. Aliivuta kwa hasira ya mtu aliyechoka, mshono ukaachia kwa mlio uliosikika hadi barabarani, akamwinua Dorkasi kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala.

"Taratibu," Dorkasi alimwambia, na kwa mara ya kwanza tangu Perisi arudi ilikuwa sauti ya dada yake wa zamani, ile ya utani wa mkekani. "Mimi mzito."

Wakapita.